Kabla Gari Halijaondoka Ikungi

Mtungi mdogo wa oksijeni, ule wa kwenye gari la wagonjwa, una uzito wa kilo sita au saba hivi. Mtu mzima anaubeba kwa mkono mmoja. Sasa uweke mtungi huo kwenye machela bila kuufunga, gari liwe kwenye lami ya Dodoma kwenda Singida usiku, mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kisha ligonge tela la lori lililoharibika katikati ya njia. Machela itasimama kwa kuwa imebanwa kwenye sakafu, na mgonjwa atasimama kwa kuwa ana mikanda. Mtungi utaendelea mbele kwa mwendo uleule wa kilomita 80, na chochote utakachokikuta, kiwe kisogo cha dereva au kifua cha muuguzi, utakipiga kwa nguvu ya mtungi uliodondoshwa kutoka ghorofa ya nane.

Kwa hiyo kuna watu ambao kazi yao, kabla gari halijawashwa, ni kuhakikisha kwamba hakuna kitu kitakachokwenda peke yake. Kazi hiyo haina cheti chake wala siku yake ya maadhimisho, na ikifanywa vizuri hakuna tukio la kusimulia. Mimi naiona kuwa miongoni mwa kazi za mikono zilizokomaa kabisa katika huduma ya afya, na Ikungi ni mahali pazuri pa kuitazama.

Wilaya hii ilianzishwa 2012, ilipomegwa kutoka Singida Vijijini. Makao yake yako kando ya barabara kuu, ile inayopitisha malori ya kwenda Rwanda na Burundi, kwa hiyo ajali za lami zinaishia hapa. Upande wa magharibi, kuelekea Sepuka na Mgungira, barabara ni ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Mang'onyi kuna dhahabu, na penye dhahabu kuna mashimo. Makiungu ipo hospitali ya misheni iliyoanzishwa miaka ya 1950 na masista wa shirika la Medical Missionaries of Mary. Kesi inayozidi uwezo inakwenda Singida mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na inayozidi hapo inashuka Dodoma, kwenye Hospitali ya Benjamin Mkapa. Mgonjwa wa Ikungi, basi, ni mgonjwa wa safari. Tangu 2022, mpango wa usafiri wa dharura wa m-mama ulipozinduliwa kuenea nchi nzima baada ya kujaribiwa Sengerema na Shinyanga, wajawazito na watoto wachanga wanaofikishwa hospitali kwa gari wameongezeka, na ndivyo mikono inayofunga inavyozidi kupata kazi.

Tazama rufaa moja. Mama mjamzito ana kifafa cha mimba. Ameshachomwa magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege, ana dripu mkononi, mpira wa mkojo na oksijeni puani, na anakwenda kufanyiwa upasuaji. Gari ni Landkruza, mlango wa nyuma uko wazi, dereva ameshika usukani. Mama mkwe amesimama pembeni na kanga begani, na hofu imemkaa usoni.

"Sista, twende, tutachelewa," anasema dereva.

"Nipe dakika chache, kaka. Nikimaliza nitakuambia."

Muuguzi anaanzia kwenye mshipa. Kanula tayari imebandikwa plasta, lakini yeye anaongeza jambo moja dogo: anauchukua mrija wa dripu karibu na kifundo cha mkono, anaukunja uwe kitanzi chenye upana wa vidole viwili, kisha anakibandika kitanzi hicho juu ya ngozi kwa plasta nyingine. Mtu asiyejua ataona plasta inapotezwa bure. Lakini mrija ukinaswa na mlango, au mama akitupa mkono akipata degedege, kitakachovutwa kwanza ni kitanzi, na kanula itabaki salama ndani ya mshipa. Kutafuta mshipa upya kwa mgonjwa mwenye degedege, ndani ya gari linaloruka kwenye makorongo ya Mgungira, ni jambo ambalo hakuna muuguzi anayelitamani.

Kutoka mkononi anashuka kwenye mkojo. Anamwaga mfuko, anaandika kiasi na saa, anabandika mpira wake pajani kwa namna ileile ya kitanzi, kisha anaufunga mfuko kwenye bomba la chini la machela, usifike sakafuni na usipande juu ya kibofu. Upande anaouchagua ni ule unaotazama kiti chake. Hilo nalo lina maana. Magnesiamu hutoka mwilini kupitia figo, na ikijikusanya inaweza kuzima pumzi. Kabla ya dozi inayofuata lazima aangalie mambo matatu: pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, goti likigongwa liruke, na mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita. Mfuko uliofungwa upande wa pili wa machela ungemlazimisha asimame kila anapotaka kusoma. Ukifungwa upande huu, anausoma akiwa ameketi. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kuokoa ikiwa magnesiamu itazidi, imo kwenye mfuko wa koti lake, pamoja na bomba la sindano. Hajaiweka kwenye sanduku.

Kisha mama mwenyewe. Analazwa ubavu wa kushoto, na blanketi lililokunjwa linasukumwa nyuma ya mgongo wake, kwa sababu akilala chali tumbo litakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na mtoto ndiye atakayekosa hewa wa kwanza. Mkanda wa juu unapita chini ya makwapa. Wa pili unapita kwenye nyonga, chini ya tumbo, haupiti juu ya tumbo hata kidogo. Wa tatu uko juu ya magoti. Machela ikiwa na mikanda ya mabega anaifunga pia, kwani gari likikanyaga breki mwili huteleza kuelekea mbele, na mikanda ya kukatiza peke yake haizuii kuteleza huko. Anapima kwa viganja: kiganja kikiwa kimelala kipite chini ya mkanda, ngumi isipite.

Sasa ndipo anafika kwenye mtungi. Gari likiwa na kishikio cha mtungi ukutani, kazi ni nyepesi. Lakini machela inaposhushwa na kusukumwa kwenye korido, mtungi lazima usafiri nayo, na hapo ufundi unaonekana. Anaulaza kando ya miguu, pembeni ya reli, na kuufunga sehemu mbili: mkanda mmoja chini kidogo ya shingo, mwingine karibu na kitako. Mkanda mmoja tu ni mhimili. Mtungi utauzunguka kama mshale wa saa, na gari likikata kona kitako kitampiga mgonjwa mguuni. Mikanda miwili inaunyima nafasi ya kuzunguka. Valvu inaelekea upande ambao mkono wa muuguzi unafika. Blanketi haliruhusiwi kuifunika, maana oksijeni ikijikusanya ndani ya nguo hugeuza cheche ndogo kuwa moto mkubwa. Kwa sababu hiyohiyo mafuta ya mgando hayagusi maungio ya mtungi, hata yakiwa magumu kufunguka.

Kuna jambo jingine kuhusu mtungi uliolala ambalo wengi hulipita. Kipimo cha mtiririko chenye kigololo kinachopanda ndani ya mrija wa kioo husoma sawasawa kikiwa wima tu. Ulaze mtungi, na kigololo kitakudanganya. Kipimo chenye mshale kwenye sahani hakijali kimelala au kimesimama. Muuguzi mzoefu anajua kipi kiko mbele yake kabla hajaamua mtungi ukae vipi, na akikuta kile cha kigololo anautafutia mtungi mahali pa kusimama, hata ikibidi afunge upya kila kitu.

Akimaliza anafanya jaribio ambalo kwangu ndilo kiini cha ufundi wote. Anaushika mtungi na kuutikisa kwa nguvu. Mtungi ukitikisika peke yake, haujafungwa. Machela nzima ikitikisika pamoja nao, umefungwa. Anafanya hivyo kwa kila kilichofungwa: mashine ya kupimia mapigo na oksijeni, sanduku la kujifungulia, pampu ya dripu kama ipo. Halafu anamgeukia dereva: "Haya kaka, twende. Matuta uniambie mapema."

Wapo wasemao kwamba vijana wetu wa bodaboda wangeifanya kazi hii vizuri zaidi. Ni kweli kwamba mfanyabiashara wa kuku wa kienyeji, anayepeleka tenga lake barabarani kwa bodaboda kusubiri mabasi, ana mikono ya ajabu na vipande vyake vya mpira wa tyubu. Tenga linayumba na kurudi, na kuku wanafika wazima. Lakini mpira unafaa kwa tenga kwa sababu unavutika, na hautufai kwa mtungi kwa sababu hiyohiyo. Gari likigonga, mpira huuachia mzigo uende mbele kwanza, kisha huurudisha kwa kasi. Utepe mgumu wa kusukwa, wenye bizimu la chuma, hauvutiki hivyo. Nimeona vituo vinavyofunga mitungi kwa mpira kwa kuwa mikanda iliyokuja na machela ilikatika na hakuna aliyeagiza mingine. Bandeji pia nimeiona ikifanya kazi hiyo. Muuguzi anayefanya hivyo simlaumu, maana ametumia alichonacho, na mara nyingi anaifunga bandeji hiyo kwa akili kuliko wengine wanavyofunga mkanda halisi. Ila kiwango cha Ulaya cha magari ya wagonjwa, EN 1789, kinataka kila kilichofungwa kihimili nguvu mara kumi ya uzito wake, mbele, nyuma, kushoto, kulia na wima. Mtungi wa kilo saba, kwa kipimo hicho, unavuta kama mzigo wa kilo 70. Bandeji haiwezi.

Hesabu ya oksijeni nayo ni sehemu ya kufunga, kwa namna ambayo haionekani upesi. Mtungi wa saizi E una lita 680. Mgonjwa akitumia lita tano kwa dakika, unaisha baada ya dakika 136. Kutoka Ikungi kwenda Singida mjini inatosha na kubaki. Kwenda Dodoma, kiasi cha kilomita 200, ni mwendo wa saa tatu ikiwa njia ni nzuri, yaani lita 900 kabla hujahesabu kusubiri mapokezi. Kwa hiyo inabebwa mitungi miwili au zaidi. Wa pili, ambao bado haujaanza kazi, ndio unaosahaulika. Utaukuta umeegemezwa kwenye benchi, au umelazwa chini ukibiringika kila kona. Fundi wa kweli utamtambua kwa mtungi wake wa akiba.

Ufundi huu una historia ndefu, na sehemu yake kubwa imeandikwa vitani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari aliyevunjika mfupa wa paja alikuwa karibu na kifo kuliko na hospitali. Takwimu zinazotajwa sana na wanahistoria wa tiba ni kwamba mwanzoni walikufa kama 80 katika kila 100. Kifaa cha kuwaokoa kilikuwa kimeshatengenezwa miaka ya 1870 na Hugh Owen Thomas, tabibu wa Liverpool aliyetoka katika ukoo wa waunga mifupa: pete ya kuzunguka paja na fito mbili za chuma za kuunyoosha mguu. Mpwa wa mkewe, Robert Jones, ndiye aliyesukuma kitumike vitani. Lakini chuma peke yake hakikutosha. Wabebaji wa machela walifundishwa kukifunga hatua kwa hatua, kwa kuhesabu, mpaka waweze kukifunga wamefumbwa macho. Mguu ulinyooshwa, ukafungwa kwenye kifaa, na kifaa kikafungwa kwenye machela kwa kishikio cha chuma, ili tetemeko la njia lisifike kwenye mfupa. Vifo vikashuka hadi chini ya 20 katika 100. Dawa za kuua vijidudu kama penisilini zilikuwa bado hazijapatikana. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na kufunga vizuri na kufunga mapema.

Angani sheria ni kali zaidi. Madaktari wa anga wa AMREF, huduma iliyoanzishwa 1957 na Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, wanaruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, na hutua hata kwenye viwanja vya vumbi ambavyo ng'ombe hufukuzwa kwanza. Ndege haiondoki kama kuna kitu kimelegea. Huko juu hata hewa yenyewe inahitaji kufikiriwa, kwa sababu ndani ya ndege iliyopanda hewa hutanuka kwa karibu theluthi moja. Kijiputo kinachoshikilia bomba la kupumulia kooni kinaweza kuvimba na kuumiza koo, kwa hiyo presha yake hupimwa tena njiani. Chupa ya kutoa hewa kifuani hubaki wima, chini ya kifua, na mrija wake ukiwa unatoa mapovu haubanwi, hata wakati wa kunyanyua machela. Kuubana ni kumfungia mgonjwa hewa ndani ya kifua mpaka mapafu na moyo vikandamizwe. Mtu anayefunga lazima ajue pia kile kisichofungwa.

Hilo linanirudisha kwa muuguzi wetu wa Landkruza. Mfuko wa kupulizia hewa, ule wa ambu, haujafungwa. Umo ndani ya begi lililofungwa kwenye reli upande wa kichwa cha mama, na mdomo wa begi uko wazi. Mashine ya kunyonya makohozi inayokanyagwa kwa mguu iko chini ya kiti chake, imebanwa, na mrija wake umechomoza. Mafundo yake yote, pale alipotumia kamba, yanafunguka kwa kuvuta ncha moja. Ameupanga ulimwengu wake mdogo ili afanye karibu kila kitu akiwa ameketi na mkanda wake kiunoni. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Wauguzi wengi husafiri wamesimama, mkono mmoja darini, mwingine kwa mgonjwa, kwa sababu vifaa vimewekwa mahali wasipofika. Mpangilio ukiwa mzuri, muuguzi anabaki kitini. Na muuguzi aliyebaki kitini ndiye anayefika mzima na kumhudumia mama akiwa mzima.

Kifaa kingine kwenye gari hili hakikutoka kiwandani kama kifaa cha tiba, nacho ni kanga. Njiti akihamishwa kutoka kituo cha afya bila chombo cha kumtunzia joto, njia salama ni kumweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wima katikati ya matiti, kichwa kimegeuzwa upande ili pua iwe wazi. Utaratibu huo ulianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, na sasa Shirika la Afya Duniani linaupendekeza. Kanga inapita chini ya matako ya mtoto, inapanda mpaka usawa wa sikio lake, inafungwa mgongoni kwa mama. Mkanda wa machela unamshika mama kwenye nyonga, chini ya miguu ya mtoto, usimguse mtoto. Mabibi wengi wa Kinyaturu, wenyeji wa wilaya hii, wanaifahamu kanga hii kuliko daktari yeyote. Nimemwona muuguzi akimwachia bibi aifunge, kisha akapitisha vidole viwili chini ya kidevu cha mtoto kukagua, akasema, "Asante bibi, hapo hapo." Kufunga ni kazi ya anayejua, bila kujali cheo.

Dereva naye yumo. Kwenye rasta za kuingilia makazi, tetemeko lile fupi la mfululizo hulegeza mabizimu kuliko tuta moja kubwa. Dereva mwenye moyo hupunguza mwendo kabla ya rasta, husema "tuta" kabla ya tuta, na baada ya kipande cha kwanza cha njia mbovu husimama kidogo bila kuombwa ili sista akaze upya. Kusimama huko kunachukua dakika mbili. Ndugu wa mgonjwa huweza kunung'unika. Waache wanung'unike.

Kila gari jipya la wagonjwa linapokabidhiwa, watu hupiga picha funguo, king'ora na taa za bluu. Ningependa siku moja mkuu wa wilaya, au mbunge, au yeyote atakayekata utepe, afungue mlango wa nyuma na kuuliza mikanda iko mingapi, vishikio vya mitungi viko wapi, na vipuri vya mabizimu vitatoka kwenye fungu gani la bajeti. Mkanda wa machela hauwezi kuwa ghali kuliko tairi moja ya Landkruza. Halmashauri zinabadilisha tairi kwa ratiba. Zibadilishe na mikanda kwa ratiba.

Nawe msomaji, siku ukiambiwa umsindikize mgonjwa wako, muulize muuguzi, "Nishike nini?" na ushike hicho tu. Begi lako, sufuria na ndoo viende chini ya benchi na vifungwe, visiwekwe kwenye machela. Usinyanyue dripu wala kuhamisha mfuko wa mkojo kwa kumhurumia. Funga mkanda wako. Na kama ni mjamzito, mzazi wa siku chache au mtoto mchanga, usianze kutafuta gari la kukodi usiku: piga 115, namba ya m-mama, simu hiyo ni bure.